Kukimbia mbio za mjini na mtoto ndani ya kigari, kwa tulioko Unguja na Pemba

Kabla hujalipia namba na kabla hujaanza kutafuta kigari, ulizia kwanza kama wanaoandaa hizo mbio wanaruhusu vigari vya watoto. Hili watu wengi wanaliruka, mtu ashajisajili, ashachukua fulana yake, anafika mstarini na mwanawe anaambiwa wewe kaa pembeni. Mbio kubwa za nje kama za Boston na New York haziruhusu kabisa, si kwamba wanachukia watoto, ni kwa sababu watu maelfu wakibanana barabarani kigari kimoja kikisimama ghafla wa nyuma wanaangukiana. Hapa kwetu usikisie, kila mbio ina utaratibu wake, andika ujumbe upate jibu la maandishi na ulihifadhi kwenye simu uende nalo siku yenyewe, mana anaesimamia mstari asubuhi ile huenda hamjui hata huyo uliyezungumza nae.

Ukishajibiwa usiishie hapo, uliza tena: barabara inafungwa mpaka saa ngapi? Sisi wenye vigari tunakuwa nyuma, na kama magari yanaruhusiwa mapema utajikuta unamalizia kilomita zako za mwisho baina ya daladala na vespa. Uliza gari la wagonjwa linakaa wapi, vituo vya maji viko wapi, na njia inapita wapi khasa, si jina la mtaa tu. Na wakikwambia hapana, basi ni hapana, usijipenyeze mbele ya safari ukitarajia hakuna atakaekuona, tafuta mbio nyengine fupi zinazokaribisha familia.

Wenye watoto wenye ulemavu nawaomba muulize pia, tena muulize kwa sauti. Dick Hoyt wa Marekani alimsukuma mwanawe Rick, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, kuanzia mwaka 1977 kwenye mbio za maili 5, na baba na mwana wakaja kukimbia pamoja mashindano zaidi ya elfu moja, Rick akiwa ashakuwa mtu mzima. Mwanzo hawakupokelewa kila mahali. Kwa hiyo mtoto wako akiwa mkubwa na kigari cha kawaida hakimtoshi, waeleze waandaaji hali ilivyo mapema, wiki kadhaa kabla, muangalie pamoja mnafanyaje.

Njia ndo kitu nnachokiangalia kuliko vyote. Mji wetu kwa jumla ni tambarare, ukitoka Forodhani ukapita Mizingani mpaka Malindi, ukashika barabara ya Mkapa kupita Darajani mpaka Mnazi Mmoja, alafu Maisara na Kilimani, huko kote kigari kinatembea. Shida inakuja mbio zikiingizwa ndani ya Mji Mkongwe. Vichochoro vyengine mle watu wawili wakipishana wanagusana mabega, kuna mitaro, kuna mawe yaliyochomoza, kuna vidaraja vya mlangoni na mabaraza, na vespa inatokea kwenye kona hujaisikia. Mtu peke yake anaruka anapita, mwenye kigari hawezi kuruka. Njia ikiwa na kipande kirefu cha vichochoro mimi siendi na mtoto, bora nikimbie peke yangu siku hiyo na yeye abaki na bibi yake.

Wiki moja kabla, pita njia yote na kigari kikiwa kitupu, tena pita saa ileile ya mbio. Tazama matuta, tazama vifuniko vya mitaro vilivyoondoka, tazama mchanga uliosombwa na mvua ukajikusanya kwenye kona. Na tazama kivuli. Saa moja unusu asubuhi upande mmoja wa barabara una kivuli cha nyumba na miti na upande wa pili jua tupu, ukishajua ni upande gani siku ya mbio hutohangaika.

Pemba hesabu yake ni nyengine. Kule ni vilima na mabonde, barabara za kutoka Chake kwenda Wete au Mkoani zinapanda zinashuka, na kushuka ndo kubaya kuliko kupanda mana kigari na mtoto pamoja ni kilo ishirini na kitu zinazotaka kukutangulia. Kigari kisichokuwa na breki ya mkono usikimbie nacho Pemba. Tembea nacho tu.

Sasa umri, na hapa sina mjadala. Mtoto chini ya miezi 6 usikimbie nae, hata kama kigari ni cha pesa nyingi vipi. Shingo yake bado haijakaza, kichwa ni kizito kuliko nguvu zake, na kila tairi likigonga tuta kile kichwa kinatikisika. Wengi wanaotengeneza vigari vya kukimbilia wanaandika kuanzia miezi 6 na wengine 8, lakini wa kukwambia mwanao yuko tayari au bado ni daktari, khasa kama alizaliwa njiti au alichelewa kukaa. Siku ya kliniki mnapopima uzito muulize palepale. Na huo uzito ulioandikwa kwenye kadi ulinganishe na uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye kigari, vingi vya kiti kimoja mwisho ni kama kilo 34, ila kwa kweli mtoto anachoka kukaa zamani kabla hajafikia hapo. Kwa maoni yangu umri mtamu ni baina ya mwaka mmoja na mitatu, anaweza kukaa wima mwenyewe, anaona watu, anafurahi, na bado hajaanza kudai ashuke akimbie na yeye.

Na mama uliyejifungua karibuni usijisahau. Wataalamu wa viungo wanashauri kungoja angalau wiki 12 ndo uanze kukimbia, na aliyepasuliwa azungumze na daktari wake kwanza. Ukikimbia ukaona mkojo unavuja, au unahisi uzito unavuta chini ya tumbo, simama uende kituo cha afya, ni jambo linalotibika na wala si la kuonea haya.

Kigari chenyewe. Vile vya kukunja vyenye vigurudumu vidogo vidogo vya plastiki ni vizuri kwa kwenda nacho Darajani kununua vitu, si vya kukimbilia. Kile kigurudumu cha mbele kikiingia kwenye shimo dogo tu kinakwama, na wewe una spidi, kigari kinapinduka kwa mbele na mtoto ndani. Cha kukimbilia kina matairi matatu makubwa ya upepo, la mbele linaweza kufungwa lisigeuke kulia wala kushoto, kina springi, kina mikanda mitano, yani miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na mmoja unaopita baina ya miguu, kina breki ya kuegeshea, na kina kamba ya kuvaa mkononi ili kigari kikikuponyoka kisende peke yake. Cha kamili zaidi kina na breki ya kushika kwa mkono kama ya baiskeli.

Vipya ni ghali, wengi tunapata vya mtumba au mtu anamletea ndugu yake kutoka Dubai au Ulaya. Cha mtumba si kibaya ila kikague kwa utulivu. Vuta kila mkanda kwa nguvu zako zote, funga kifungio na ufungue mara nyingi uone kama kinashika kila mara. Nyanyua kila tairi ulizungushe kwa mkono, likipepesuka au likilia ujue kuna kazi ya fundi. Tazama vyuma kwenye maungio, hewa yetu ya chumvi inakula chuma kimyakimya na kigari kilichokaa nje karibu na bahari kinaweza kuwa kizuri kwa juu na ndani kishaoza. Mkanda ukiwa umechanika usishonewe uzi wa nguo, mpelekee fundi anaeshona viti vya magari, ana uzi wake na ana cherehani ya kazi hiyo. Kuhusu matairi ondoa wasiwasi, inchi 12 na inchi 16 ni saizi zilezile za baiskeli za watoto, fundi baiskeli wa mtaani kwako tyubu anayo na pancha anaziba. Mwambie tu ajaze upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi asizidishe, tairi likiwa gumu kupita kiasi kila kijiwe kinamfikia mtoto mgongoni.

Kisha kijaribu bila mtoto. Chukua mfuko wa mchele wa kilo 10, ukalishe kwenye kiti, ufunge mikanda yote mitano kama unavyomfunga mtu, alafu nenda Maisara asubuhi kwenye pahala palipo sawa. Funga tairi la mbele. Sukuma kwa mwendo wa kawaida, alafu achia mikono hatua mbili tatu, huku ile kamba umeivaa. Kigari kinachokwenda sawa kinabaki kwenye mstari wake, chenye kasoro kinaanza kuvuta upande mmoja taratibu, hapo rudi kwenye tairi la mbele, legeza, liweke katikati, kaza, jaribu tena mpaka kitulie. Usiseme ntakivuta kwa mkono, kilomita moja utaweza, ikifika ya nne bega linawaka na kigari kinaelekea mtaroni. Na huo mchele uutazame ukimaliza, kama umelala ubavu basi na mtoto angelala ubavu, kaza mikanda ya mabega.

Sasa jua, na hapa naomba unisome polepole. Sisi tumezoea kumfunika mtoto kanga kigari kizima ili asipigwe na jua, unaona mama kakunja kanga vizuri kabisa, pande zote kafunga. Fanya jaribio nyumbani. Kigari kitupu kiweke juani saa tatu asubuhi, kifunike kanga hivohivo, ngoja robo saa, alafu tia mkono ndani mpaka kwenye mgongo wa kiti. Hewa ya mle ni nzito na ya moto kuliko ya nje, kitambaa cha kiti kimepata joto, na kile chuma cha kifungio hutaki kukigusa mara mbili. Kanga imezuia jua lakini imezuia na upepo, na mtoto anaeachwa mle ndani anapikika huku sisi tunadhani kalala. Tumia kifuniko cha kigari chenyewe, mvishe kofia pana na nguo nyepesi ya pamba ya mikono mirefu, mbele na ubavuni paachwe wazi. Mafuta ya kuzuia jua yanafaa kwa mtoto aliyeshapita miezi 6.

Kumbuka pia wewe unakimbia unatoka jasho na upepo unakupoza, yeye kakaa tu, mgongo umegandana na kiti. Kwa hiyo joto lako si kipimo cha joto lake. Kila baada ya dakika kumi na tano hivi punguza mwendo, simama pembeni, tia vidole nyuma ya shingo yake. Shingo ikiwa na jasho jepesi sawa, ikiwa ya moto kama ana homa mtoe kivulini, mvue, mpe maji au maziwa ya mama, mpepee. Mtoto aliyekuwa analia akanyamaza ghafla na kulegea usifurahi kwamba kalala, mguse shavu, mwite, akikujibu kwa kujinyoosha na kununa huyo kalala kweli. Asipoitika vizuri mbio zimekwisha, tafuta watu wa huduma ya kwanza.

Ndo mana msimu nao una maana yake. Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Februari, joto linaanza mapema na unyevu ni mwingi, mimi siku hizo na mtoto sivuki kilomita 5. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ndo wakati wetu, asubuhi kuna ubaridi na hata kilomita 10 zinakwenda. Piga hesabu ya saa badala ya umbali. Ukiwa na kigari tuseme unakwenda dakika 8 kila kilomita, mbio zimeanza saa 12 na nusu, kilomita 10 unamaliza saa 2 kasoro dakika kumi, jua bado lina huruma. Nusu marathoni, kilomita 21 na mita mia kwa mwendo huohuo unamaliza saa 3 na robo imepita. Muda wote huo mtoto kafungwa mikanda na nusu saa ya mwisho ni jua kali. Kwa Zanzibar mimi nasema kilomita 10 ndo mwisho, na anaetaka 21 akimbie bila ya mtoto.

Mazoezi yaanze kwa kutembea. Wiki za mwanzo tembea nae tu jioni kukipoa, dakika ishirini, azoee kufungwa mikanda bila kupiga kelele, alafu tia kukimbia kidogo katikati, ongeza polepole. Siku za kigari zisizidi mbili kwa wiki, siku nyengine kimbia peke yako. Kinachotakiwa ni siku ya mbio ifike mtoto ashazoea kukaa muda huohuo utakaotumia, kama humalizi chini ya saa moja na nusu na yeye nyumbani hajawahi kukaa zaidi ya dakika arubaini, mbio zako ni za kilomita 5. Pahala pa mazoezi: Mnazi Mmoja na Maisara kuna nafasi, Forodhani asubuhi na mapema kabla watu hawajaamka, kwa wa Pemba viwanja vya karibu na Gombani. Barabara isiyokuwa na njia ya miguu kimbia upande wa kulia uyaone magari yanayokujia, usiyape mgongo. Na kwa kumzoesha mtoto watu wengi na makelele, ile siku ya mazoezi ya tarehe 1 Januari inafaa sana, vikundi vya mazoezi vinajaa barabarani vinaimba, unajiweka mkiani na kigari unatembea, unajionea mwenyewe mwanao anapokeaje zogo.

Namna ya kusukuma. Simama karibu na kigari, mgongo umenyooka, usikiinamie, mtu anaekiinamia kigari asubuhi ya pili kiuno hakimpi usingizi. Sehemu iliyo tambarare sukuma kwa mkono mmoja, mwengine uuache ufanye kazi yake ya kupunga, na ubadilishe mikono kila baada ya dakika chache. Kwenye kona, tuta, mteremko na watu wengi rudisha mikono yote miwili. Tairi la mbele limefungwa kwa hiyo kigari hakipindi chenyewe, kukata kona unakandamiza mpini chini kidogo mpaka tairi la mbele linanyanyuka sentimita chache, unageuza, unalishusha. Hilo lifanyie mazoezi mpaka mkono ujue. Tuta nalo hivohivo, punguza mpaka mwendo wa kutembea, nyanyua la mbele, lishushe upande wa pili bila kishindo. Kwenye upepo wa baharini, pale Mizingani khasa, kile kifuniko kinakamata upepo kama tanga, ukihisi kigari kinasukumwa shika kwa mikono miwili.

Usitazame saa yako. Na kigari mapigo ya moyo yanapanda haraka na mwendo unashuka, ni kawaida, unasukuma mzigo. Kuna Calum Neff wa Kanada, mwaka 2016 kakimbia marathoni nzima ya Toronto kwa saa 2 na dakika 31 anasukuma binti yake, lakini yule ni mkimbiaji wa daraja ya juu, na Toronto mwezi wa Oktoba kuna baridi ya kuvaa sweta. Wewe kipimo chako kiwe kama unaweza kuzungumza na mwanao sentensi nzima huku unakimbia. Tena mzungumzishe kweli, mwimbie, mwoneshe boti, mwoneshe paka, akisikia sauti yako nyuma anatulia.

Vitu vya kubeba ni vichache: maji yake, kitu cha kula laini, pampasi mbili, nguo ya kubadilisha, kitambaa, kiraka cha pancha na pampu ndogo. Vyote vikae chini kwenye kikapu cha kigari. Usitundike mkoba kwenye mpini, ukiuachia tu kigari kinalala chali na mtoto. Kigari kikiwa kinakwenda usimpe njugu, pipi wala ubuyu, ubuyu ule ni mbegu ngumu na tuta moja linatosha kumpeleka kooni. Ndizi, boflo laini, mpe mkiwa mmesimama. Bandika kikaratasi ndani ya kigari chenye jina la mtoto na namba mbili za simu, yako na ya mtu mwengine asiyekimbia. Kwa akina mama, mtandio uingize ndani ya nguo na ncha za baibui zisining'inie upande wa tairi. Sikio lisiwe na muziki. Na simu ya kurikodia mpe mwenzako, huwezi kushika kigari na kupiga video.

Asubuhi yenyewe mlishe uji kama saa moja kabla, mbadilishe pampasi mwisho kabisa, fikeni mapema ila kaeni mbali na spika, yale maspika ya mstarini yanamtia mtoto kiwewe kabla mbio hazijaanza. Kama kuna beni au firimbi za kuanzia mzibe masikio kwa viganja vyako. Anza nyuma ya watu wote, nyuma kabisa, wakishaondoka hesabu mpaka thalathini ndo utoke. Watu wanaona haya kuanza mwisho, sioni haya ya nini, mbele pale watu wanasukumana na tairi lako la mbele liko sawasawa na visigino vya mtu, likimgonga kwenye mshipa wa kisigino umemkalisha miezi. Acha mita mbili baina yako na wa mbele. Kaa kushoto pembeni, wanaokwenda kasi wapite kulia, na ukitaka kumpita mtu piga hodi mapema, "Hodi jamani, kuna mtoto!", watu wetu wakisikia mtoto wanapisha wenyewe.

Wataotaka kumshika mashavu watakuwepo, bibi zetu kwenye mabaraza na watoto wa skuli watakaokimbia sambamba na kigari. Wapungie mkono, waitikie, ila usisimame ghafla katikati ya barabara, toka pembeni kwanza. Kwenye kituo cha maji pia, usipite unadaka chupa, pale chini pameloa na chupa zimezagaa na tairi likipanda chupa kigari kinayumba. Toka pembeni, kanyaga breki, unywe, umnyweshe, mtazame shingo, ndo uondoke.

Mtu wa pili ni lazima. Awe mume, dada, shoga yako, yeyote, akimbie na wewe mkipokezana kigari, na kama hapatikani wa kukimbia basi awepo wa kukusubiri nusu ya njia, tuseme pale Michenzani, ana usafiri na funguo za nyumba. Mtoto akichafuka roho kilomita ya tatu unamkabidhi, anakwenda zake kunywa chai kwa shangazi yake na wewe unaamua kama unaendelea. Akilia mfululizo dakika tano, umeshambadilisha na umeshampa maji na bado, usimlazimishe. Medali haimhusu.

Kwenye kumalizia usichomoke mbio, wapigapicha wako pale, watu wanasimama ghafla mbele yako wanajirikodi. Punguza, vuka mstari, endelea kwenda mpaka pahala peupe ndo usimame, kanyaga breki kabla hujavua kamba ya mkononi, huu mpangilio usiubadilishe. Mtoe mtoto hapohapo, mpakate, mvue viatu, mtazame mgongo na mapaja kama mikanda imemkwaruza, mpe maji, muache atambae kwenye nyasi anyooshe miguu kabla ya kumrudisha kwenye kiti kingine cha gari. Jioni yake muangalie anakojoa kama kawaida na mkojo si wa manjano mzito, akiwa mlegevu au hataki kunyonya usingoje asubuhi.

Kigari nacho siku hiyohiyo kipanguse kwa kitambaa cha maji ya bomba kutoa chumvi na mchanga, kikaushe, tia mafuta kidogo kwenye ekseli na maungio, vua kitambaa cha kiti ukifue, alafu kiweke ndani, si uwani. Tairi la mbele lifungue lirudi kugeuka, mana kesho utakwenda nacho sokoni.